Siku Mtaa Uliponipa Pole

Temeke, Jumanne alasiri

Mwanangu Mwanahawa,

Uko Mbweni kwa shangazi yako, umekwenda kuaga. Umesema utarudi baada ya magharibi, kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika bila wewe kuniona. Nimeketi kwenye meza ile ile niliyoandikia yale maneno mengine. Ya presha usijali, kidonge nimemeza.

Mambo ya safari siyagusi. Chaji ya simu, chakula cha njiani, sweta la baridi kwa ajili ya kazi yako mpya ya hospitali kule Songea, yote hayo shangazi yako ameshayasema leo na kesho atayarudia kwa simu. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa sababu mdomo wangu unaujua.

Juzi uliniambia, "Siku ya kuondoka usinisindikize stendi, mama. Naomba. Utagombana na kondakta kabla basi halijawashwa." Ulitabasamu upande mmoja kama baba yako, lakini macho hayakucheka. Nilijua kondakta hahusiki. Nilikuwa na majibu manne tayari, moja lao kali sana. Nikanyamaza. Ukaingia chumbani kwako, na hadi sasa sijui kama uliona kuwa nimenyamaza.

Nianze na ile Jumamosi ya mikeka, maana unaijua nusu tu.

Ulikuwa umefanya kazi miaka miwili kule Masaki, mahali nilipokuwa nikipaita "kwa wazungu wanaolipa walale sakafuni". Ukarudi ukaniambia kuwa wanaohitaji kitu kile hasa ni wanawake wa mtaani kwetu. Mama Eliza, anayeinamia karai la maandazi tangu alfajiri. Wenzake wanaobeba ndoo ngazi kwa ngazi. Ukawakusanya saba sebuleni, ukawaeleza kuwa hii ni yoga ya yin, haina kuruka wala kutoka jasho. Mtu anakaa au analala katika mkao mmoja dakika tatu, hata tano, mto chini ya goti, anauachia uzito wa mwili ufanye kazi, anapumua, na hakimbii. Nami nikapita mlangoni nikasema mbele yao, "Kwa hiyo mnajifunza kukaa? Tangu lini mwanamke wa Temeke hajui kukaa?" Walicheka. Wewe ulicheka kidogo.

Jumamosi hiyo nilikwenda sokoni Tandika. Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa na Bi Tatu mwenyewe, jirani yetu, ambaye alikuja kuazima kinu. Mlikuwa mmefika mwisho, kila mtu amelala chali, amejifunika khanga kwa sababu sakafu ina baridi. Mapazia mmeshusha. Ndala zimejaa mlangoni. Bi Tatu akaziona ndala, akaisikia nyumba ilivyo kimya, akachungulia akaona mikeka na khanga. Mtaani kwetu picha hiyo ina maana moja. Hakuuliza. Aliweka mikono kichwani akaachia.

"Uwiii! Jamani! Nani tena katutoka?"

Mama Eliza akafunua khanga usoni. "Bi Tatu, hatujafa. Tunapumzika."

"Mnapumzika saa tano asubuhi, watu wazima saba, kimya? Mmelishwa nini?"

"Njoo ulale nawe, nafasi ipo."

"Nilale nini, na mie nishalia mtaa mzima umesikia!"

Na kweli ulikuwa umesikia. Kilio mtaani kwetu hakichunguzwi, kinaitikiwa. Kabla hamjamaliza kucheka, vijana walikuwa wameshatoa turubai stoo ya msikitini, mtu na jamvi begani, muuza maji amegeuza mkokoteni wake bila kuitwa. Kwa mengi tunachelewa, kwa msiba hatujawahi.

Mimi nilikuwa nafika kona. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akatoka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mama Mwanahawa. Kazi ya Mungu haina makosa."

Sikumuuliza nani. Mwanangu, nyumba yetu ina watu wawili, na mmoja alikuwa amesimama pale na kikapu cha nyanya.

Wale wanawake saba sikuwakumbuka kabisa. Kutoka kona hadi mlangoni ni hatua kama sitini, na katika hatua zote hizo wewe ulikuwa umekufa. Nilikumbuka kuwa asubuhi ulinisalimia nami sikuitika vizuri kwa sababu nilikuwa nasoma. Nilijiuliza nani atakuosha. Nikajijibu: mimi. Nikaanza kupanga maji. Nakwambia nilipanga maji, na ndoo, na upande wa uani utakaokingwa kwa shuka, huku miguu ikitembea.

Nikafika mlangoni nikakukuta umekaa mkekani unacheka mpaka machozi, Bi Tatu anakupiga paja. Ukaniona ukasema, "Mama, njoo usikie Bi Tatu alivyotuua!"

Mama mwingine angekuangukia shingoni. Mimi nilipiga kelele. Nilisema umeniletea mkosi na uvivu wa kigeni ndani ya nyumba, nikawataka wote wanyanyuke watoke. Uliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Hukuwa na namna ya kujua nilikuwa nimetoka wapi katika hatua zile sitini, na mimi sikukwambia. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Siku mbili baadaye nikaandika gazetini. Unaijua makala ile kwa moyo, ulinisomea mwenyewe mistari yake tulipogombana. "Msiba Usio na Maiti." Nilikuwa nimepekua vitabu na mtandao nikagundua kuwa mkao wenu wa mwisho, ule uliokuwa ukiwaambia wanawake ni "kupumzika tu", unaitwa, kule India ulikoanzia, mkao wa maiti. Nikaona nimeokota kisu. Nikaandika kuwa wanawake wa Temeke wanafundishwa kufa kwa zamu. Nikaandika kuwa maskini anauziwa ukimya ili asiulize mitaro itazibuliwa lini. (Hili la mitaro bado ninaliamini kiasi, tutabishana siku nyingine.) Simu ililia wiki nzima, watu wananipongeza, makala inazunguka kwenye makundi. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nina hasira kiasi kile na wanawake waliolala.

Jumamosi iliyofuata ulitandika mikeka minane. Wawili walikuwa wamekatazwa na waume zao, gazeti likiwa ushahidi. Wengine waliona haya. Ulikaa peke yako, mlango wazi, mpaka adhuhuri. Nilipita pale nikienda jikoni na kurudi mara tatu, na sikuwa na kazi yoyote jikoni.

Nilipokuja kukwambia kuwa hoja ni hoja, usichukulie kibinafsi, ndipo uliposema kwa sauti ya chini ile sentensi: "Mama, wewe huwezi kukaa. Baba alikusubiri ukae mpaka akafa."

Nikakuamuru uondoke mbele yangu. Ukaondoka, na tangu siku hiyo, miezi minne, ni "Shikamoo mama" na "Marahaba". Chakula unapika, nguo zangu unaanua mvua ikija, dawa unanikumbusha kwa kuiweka mezani. Neno la tatu hakuna, isipokuwa haya machache ya safari ya siku mbili hizi.

Sasa nikwambie kuhusu baba yako.

Siku zake za mwisho pale wodini alikuwa na ombi moja dogo. "Kaa, mama Mwana." Nami nilijibu "Nakuja." Nilikuwa na vita vingi. Faili limepotea, nalitafuta. Dawa hii mbona si ile ya jana, namuuliza daktari. Kaka zake wanataka kumhamishia kwa mganga Mkuranga, nawapiga kwa hoja mpaka wanatoka nje wameinamisha vichwa. Niliwashinda wote, na nilikuwa najisikia mke bora. Wewe ulikuja kutoka chuoni ukatandika khanga sakafuni, ukakaa miguuni pake unamkanda nyayo, saa nzima bila neno. Nilikuona nikawaza: huyu amekaa tu, mimi napigana.

Mchana ule alipoondoka mimi nilikuwa koridoni. Umeamini siku zote kwamba nilikuwa nabishana na muuguzi kuhusu dawa, na nimekuacha uamini hivyo kwa sababu inasikika vizuri. Nilikuwa nagombania kiti. Baba yako alisema "Kaa," na safari hiyo nilitaka kukaa kweli, Mungu ni shahidi, ila kiti kilikuwa kimehamishiwa chumba cha pili. Nikatoka kukifuata. Muuguzi akaniambia kwa upole nisubiri kidogo, mgonjwa wa pale anakitumia. Nikauliza ni utaratibu gani huo, umeandikwa wapi, na nani aliyeamua. Kitanda kilikuwa na ukingo, mwanangu. Sakafu ilikuwepo, wewe ulikuwa umeikalia. Mimi nikabaki kule nishinde kwanza, na nikashinda. Niliingia nimekibeba kiti kwa mikono miwili. Ulisimama kutoka sakafuni, ukakitazama kiti kwanza, kisha ukanitazama mimi.

Kwa hiyo uliposema kile ulichosema, hukukosea. Nilikufukuza kwa sababu ulikuwa sahihi, na mimi mtu aliye sahihi simpendi sana asipokuwa mimi.

Mwezi mmoja baada ya ugomvi wetu Bi Tatu alikuja akakaa mlangoni akichambua mchicha wangu bila kuombwa.

"Mama Mwana, mtoto kakununia?"

"Hajaninunia. Ananisalimia kila siku."

"Ndio kununa kwenyewe huko. Kelele ungeshazizoea, si ndo zako."

Akatoa simu. Ndipo nilipojua kuwa hukuacha. Kila Jumamosi ulikuwa ukijirekodi na kuwatumia wale wanawake, na mwanafunzi wako mwaminifu kuliko wote ni Bi Tatu, aliyekuja kuazima kinu akabaki na goti linalokunjika. Akanitumia rekodi zote. "Sikiliza. Usiposikiliza weye, Songea nzima itamsikiliza mwanao, weye ndo utakuwa mgeni."

Nilisikiliza nikiwa na kalamu mkononi, natafuta makosa. Niseme ukweli wote. Niliandika makosa sita. Kisha nikagundua kuwa nimerudia rekodi ile ile mara tatu, na si kwa ajili ya makosa. Katika nyumba hii nilikuwa napata kwako neno moja asubuhi na moja jioni, na humo kwenye simu ulikuwa unaongea dakika arobaini.

Nikafunga mlango wa chumba, nikatandika mkeka. Ulisema, "Nyayo zikutane, magoti yaanguke nje, inama mbele, kichwa kwenye mto. Kaa hapo hapo mwili ulipogota. Usiulazimishe, usiukimbie." Dakika ya kwanza nyonga ilisema yake. Dakika ya pili nilitunga makala mbili, nikamjibu mhariri, nikashinda kesi ya mwaka juzi. Ya tatu nilikuta nimeshasimama nakunja mkeka. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Mimi niliyesoma vitabu vya kurasa mia nane kwa mwanga wa koroboi sikuweza kukaa na nyonga zangu dakika tano. Nilishindwa siku kumi na zaidi, na kila nikishindwa nakasirika na wewe.

Halafu siku moja ulikohoa katikati ya rekodi, ukacheka kidogo, ukasema, "Imebaki dakika moja. Hakuna pa kwenda." Sijui ni kikohozi au ni nini. Nilibaki. Na katika dakika hiyo zikaja zile hatua sitini, kona na kinyozi na kikapu, zote. Nikatafuta hasira niliyokuwa nayo siku ile, ambayo niliijengea makala nzima, sikuiona. Palikuwa na woga tu. Woga mbichi, kama naambiwa pole sasa hivi. Nililia mpaka foronya ikalowa, na wewe ulikuwa chumba cha pili unapiga pasi, nasikia pasi ikigonga meza, nataka unisikie na naogopa utanisikia.

Usije ukawaambia watu kuwa yoga imemponya mama yako presha. Nameza vidonge, na daktari ndiye atakayeniachisha. Ninachoweza kushuhudia ni hiki. Usingizi umerudi. Mwezi uliopita kwenye msiba wa mtaa wa tatu nilikaa jamvini kuanzia adhuhuri hadi alasiri nikanyanyuka mwenyewe, watu wawili hawakunivuta mikono kama gunia. Na kati ya kuguswa kwangu na mdomo kufunguka, siku hizi kuna upenyo. Ni mwembamba, wakati mwingine siuoni, wiki iliyopita sikuuona mbele ya yule bwana wa bili za maji. Ila nikiuona, mara nyingi ninachokiita hasira kinakuwa ni hofu iliyovaa sare. Nina miaka hamsini na minne. Nimewapiga watu wengi kwa sababu niliogopa.

Nilitaka kuomba radhi gazetini. Nimeandika mara mbili nikachana, maana kila mara nikifika aya ya tatu nilikuwa nimeshakuwa shujaa wa radhi yangu mwenyewe. Nikaenda kwa miguu. Nyumba saba. Mama Eliza hakuniacha hata nikae. "Wewe una kalamu, mama Mwana. Sie tuna magoti. Ulipotuchapa wewe uliumia wapi?" Nilikuwa na jibu, tena zuri. Nimelimeza, na bado liko hapa kooni. Baadaye alinipa maandazi. Nyumba sita zilikwenda hivyo, kwa kelele au kwa kucheka. Ya saba mume alisimama mlangoni akaniambia mke wake hayupo, nami nilimsikia akiosha vyombo uani. Hilo sijui nitalitengenezaje. Maneno yangu yaliingia nyumba ile, na siwezi kuingia kuyatoa.

Na wewe nikwambie moja, maana nikikuacha salama kabisa utajua barua hii kaandika mtu mwingine. Ukimya wako nao ni hoja. Miezi minne umekaa vizuri, mgongo umenyooka, na kila "shikamoo" ilikuwa ngumi. Ulijua kukaa kando ya baba yako kwa sababu hukuwa unataka kumshinda. Kando yangu umekaa kushinda. Sikulaumu, umejifunzia nyumba hii. Ila kule unakokwenda watakuja wagonjwa wenye maneno makali na wakubwa wa kazi wenye maneno makali zaidi. Kelele zangu umezikataa, umefanya vyema. Usichukue badala yake kitu kilekile kilichopunguzwa sauti.

Nimesoma upya nilichoandika nikaona nimekuomba radhi mahali pengi na hakuna mahali nilipoisema. Nisamehe, Mwanahawa. Kwa makala. Kwa mikeka minane. Kwa kiti.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Bajaji umesema itakuja kesho alfajiri, kabla ya adhana. Stendi ya Mbezi sitakuja, umeomba, na sitapanda bajaji ya pili kukufuata, ingawa wazo hilo nimeshalifikiria mpaka na nauli yake. Nitakuwa sebuleni, chini, mkeka umetandikwa. Ukipita na begi ukaniamkia nitaitika, na sitasimama kukuwahi mlangoni. Sijawahi kujaribu mkao mgumu kama huo na sikuahidi sitatetemeka.

Na kama dereva atakuwa hajafika, ukataka kukaa dakika mbili tatu kabla ya safari, kaa upande wowote. Huna haja ya kusema kitu. Mimi sina hoja.

Mama yako